Msumari wa Milima

Katika miezi saba mke wangu aliniomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe nilikuwa nacho mkononi: picha ya mtoto wetu ambayo angeweza kuitazama. Nilimnyima. Kama ningemnyima kwa ubahili, ningetubu kanisani yakaisha. Nilimnyima kwa sababu ya ufundi wangu, na kwa hilo sijui naanzia wapi kutubu.

Naitwa Baltazari, mpiga picha, nakaa Nyakato hapa Musoma. Kama umewahi kupita mnadani Bunda siku ya ng'ombe, huenda umeiona meza yangu na kiboksi cheusi chenye matundu mawili ya kuchungulia. Picha zangu huwa mbili kwenye kadi moja, ya kushoto na ya kulia. Ya kushoto naipiga kwanza, halafu naisogeza kamera upande wa kulia, napiga ya pili. Ukiiweka kadi ndani ya kiboksi, kila jicho linaona picha yake, na kichwani zinaungana zinakuwa moja yenye kina. Mti unakaa mbele, nyumba inarudi nyuma, na katikati yake unaona hewa. Picha ya kawaida, iliyolala bapa kama chapati, nilikuwa naiona ni ya kitambulisho tu, ya kumwonyesha karani.

Kazi yote ipo kwenye kusogeza. Bruda mmoja mzee wa misheni aliyenifundisha, kabla hajarudi kwao, aliniachia kanuni moja: pima umbali mpaka kitu kilicho karibu zaidi, gawanya kwa thelathini, ndiyo hatua yako. Mtu aliyekaa mita mbili mbele yako, unasogeza kamera sentimita sita au saba, kama macho ya binadamu yalivyoachana. Milima iliyo mbali unaweza kusogeza hata nusu mita na zaidi, mradi hakuna kitu karibu. Nikachonga ubao mrefu wa kutelezeshea kamera, nikaupigilia misumari miwili ya kuizuia. Wa karibu niliuita msumari wa watu. Wa mbali, sentimita sitini na tano, niliuita msumari wa milima.

Bruda alinionya: ukizidisha hatua, macho ya mtazamaji yatavutana, kila moja litakwenda njia yake, kichwa kitamgonga. Nilimsikia, nikaitikia, nikafanya nilivyotaka. Msumari wa watu ulinichosha mapema. Picha zake zilikuwa za adabu mno. Nilipompiga fahali wa mtu kwa msumari wa milima, pembe ilitoka nje ya kiboksi ikaja mpaka puani, na watu mnadani wakapiga yowe wakarudi nyuma wakicheka. Kelele zile zilinilevya. Mzee Mwandu, mkulima wa pamba wa Guta, alimtazama fahali wake mwenyewe, akakiweka kiboksi chini taratibu, akaenda kutapika nyuma ya lori la mbuzi.

"Macho yako ya kizembe, mzee," nilimwambia.

"Mimi ng'ombe wangu namjuaga," akasema, akijifuta mdomo. "Huyu mara wawili, mara mmoja, na huyo mmoja kadogo kama panya. Siyo wangu."

Nilicheka mpaka machozi. Sikujiuliza kwa nini fahali mkubwa vile aonekane mdogo, ingawa jibu lilikuwa rahisi. Ukikitazama kitu kwa macho yaliyoachana kupita kiasi, unakitazama kama jitu linavyotazama, na jitu huona kila kitu kidogo. Nililijua hilo. Nililiona ni dosari ya watazamaji.

Mke wangu, Dafroza, ni fundi wa kushona, na ulimi wake ni mkali kama mkasi wake. "Baba Yunis," alikuwa akiniambia, "picha zako zinaumaga macho. Watu wanatazamaga mara moja, wanapiga kelele, wanaondoka. Umeshaona mtu anarudi?"

"Hawana mazoezi," nilimjibu.

Yunis alikuwa mtoto wetu wa pekee. Alikuwa na sikoseli. Miaka tisa, lakini ukimkuta njiani ungesema ana sita, na neno lililokuwa marufuku nyumbani kwetu ni "kadogo". Jirani mmoja alilitamka siku moja kwa mapenzi tu, "kadogo ketu kanaendeleaje," na Dafroza alilikatakata gauni lake ambalo halijaisha kushonwa akamrudishia vitambaa. Sare ya shule alimshonea ya miaka tisa, akaikunja pindo mara tatu. "Ataifikia," alisema. Yunis mwenyewe hakujali. Alikuwa na mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyevalishwa masalia ya vitambaa vya mama yake, na alimwita Dada Mkubwa.

Utauliza, mtoto wa mpiga picha anakosaje picha? Nitakujibu, maana nimejiuliza mara nyingi kuliko wewe. Simu ya Dafroza ni kitochi, haina kamera. Ya kwangu ilikuwa na picha zake nyingi tu, amekula uji, amelala, amevaa kofia yangu. Zote bapa. Kumbukumbu ilipojaa, nilikaa kitandani nikazifuta moja moja ili nakala za picha za mawe ya ziwani na mafahali wa mnadani zipate nafasi. Nilijiambia nitampiga moja ya kweli, yenye kina, na hiyo moja itazishinda zote.

Hiyo moja niliipiga Butiama, mwezi wa kwanza, kwa dada yangu Hilda, ambaye nyumba yake iko chini ya kilima chenye mawe makubwa. Nilikwenda na ubao wangu kupiga mawe na vilima vya mbali. Yunis alikuwa na siku nzuri, hakuwa na maumivu, macho yake hayakuwa na manjano. Alikaa juu ya jiwe, mita mbili kutoka nilipokuwa, nyuma yake vilima vimejipanga mpaka mwisho wa macho. Nikaona picha. Nikaona mwanangu akitoka ndani ya kiboksi amekaribia kukugusa, na vilima vikikimbia nyuma yake.

Dafroza alikuwa amesimama pembeni. Aliona mkono wangu unakwenda wapi.

"Tumia msumari wa watu," akasema.

Nikamjibu jibu ambalo mpaka leo nalisikia nikiosha uso asubuhi. "Wa watu ni kwa watu. Huyu ni wangu."

"Baba Yunis, utamharibu."

"Yunis," nikasema, "tazama kamera. Usitikisike hata kidogo. Hata macho."

Nikapiga ya kushoto. Nikaitelezesha kamera kulia, mimi mwenyewe nikihama nayo hatua nzima, mpaka ikagota kwenye msumari wa milima. Nikapiga ya pili. Hakutikisika. Mtoto wa maumivu anajua kukaa kimya kuliko mtu mzima.

"Tayari, baba?"

"Tayari."

Akashuka jiwe kwa kuteleza na Dada Mkubwa kwapani.

Wiki tatu baadaye mifupa ilianza kumuuma, homa ikapanda. Tulikuwa tumezoea, tulijua namna ya kumkanda, maji ya kumnywesha, saa ya kukimbilia hospitali. Safari hii tuliyafanya yote na hayakusaidia. Wauguzi walihangaika naye siku nne. Alfajiri ya siku ya tano aliomba afunguliwe dirisha, na kabla jua halijafika kitandani alikuwa ameshakwenda. Sina la kuongeza hapo. Wanaojua wanajua.

Tulimzika Butiama. Siku hizi jeneza haliendi kaburini bila picha ya fremu kutangulia, na dada yangu Hilda aliniuliza mbele ya watu, "Picha iko wapi?" Nikasema nitaleta kitu kizuri kuliko fremu. Nikaweka meza chini ya turubai, nikafunika kwa kitenge, nikaweka kiboksi juu yake na kadi ndani. Nikawaambia waombolezaji wapange mstari, wamwone Yunis kama alivyokuwa, mzima, ametulia, na vilima nyuma yake. Nilisema hivyo kwa sauti ya mnadani. Naisikia hiyo pia.

Wakapanga mstari. Mmoja mmoja aliinama, akachungulia, akakunja uso, akapepesa macho, akanyanyuka. Kila mmoja akaniambia, "Nimemwona, Baba Yunis. Pole sana." Wengine walikuwa wakijisugua kope wakiniambia wamemwona. Nilidhani wanalia.

Mama mkwe wangu, Matrida, mama wa Guta anayeogopa uongo kuliko radi, alichungulia muda mrefu kuliko wote. Aliponyanyuka hakunitazama usoni, maana kwetu mama mkwe hamkazii mkwe macho. Alisema akiangalia chini, "Mimi nimeona mawe, Baba Yunis. Mtoto amekataa kukaa."

Ndipo Dafroza akaja. Akainama. Niliona vidole vyake vimekishika kiboksi pande mbili, vikikaza, vikilegea, vikikaza tena. Uso ukiungana, vilima vinapasuka. Akiendea vilima, uso unapasuka. Alikaa hapo mpaka jasho likamtoka. Halafu akanyanyuka akawageukia watu wa mstari.

"Nani amemwona?" akauliza. "Semeni kweli. Mimi naona watoto wawili wanaachana, nikimfuata mmoja mwingine anakimbia. Nani amemwona mwanangu kweli?"

Mstari ukavunjika mmoja mmoja. Jeneza lilitangulia bila picha.

Baada ya matanga, Musoma, ndipo aliponiomba. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. "Nikatie moja," akasema. "Upande mmoja tu. Nitaiweka kwenye fremu, nitaitazama basi."

"Itakuwa bapa," nikasema.

"Iwe bapa."

"Mama Yunis, siwezi kumlaza bapa mwanangu. Ameshalazwa." Nilidhani nimesema jambo kubwa. "Nipe muda nitaitengeneza. Utamwona vizuri, utamwona ana kina, utaona hewa kati yake na mawe."

"Sitaki hewa," akasema. Lakini hakuwa na nguvu za kubishana, nami nikachukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Nikaanza kwenda Bunda kwa Prudence, binti mwenye steshenari karibu na stendi, ambaye kwa kompyuta hana mpinzani pale mjini. Mara ya kwanza alifungua faili la kamera yangu, akazisogeza picha zile mbili zikaribiane. Uso wa Yunis ukashikana, lakini vilima vikaachana hata mimi nikaumwa kichwa. Mara ya pili akasogeza kinyume. Mara ya tatu alinigeuzia kiti.

"Kaka Balta, mimi naweza kusogeza mpaka kesho. Lakini angalia sikio. Huku lipo, kule halipo. Ulimpigia mbali mbali mno, umepiga pande mbili za mtu. Kitu ambacho hakipo sitakitoa wapi?"

"Kata vilima," nikamwambia. "Mwache yeye peke yake."

Alifanya kazi hiyo wiki nyingi, katikati ya kazi za wateja. Alimtoa Yunis kwenye mawe kidogo kidogo, akaweka weupe nyuma yake, akaunyoosha uso kwa upole ambao sikuustahili. Nilikuwa nakwenda na kurudi Bunda, meza yangu ya mnadani nimeiacha, ubao wangu umesimama nyuma ya mlango. Nyumbani, Dafroza alikuwa akikichukua kiboksi kila nikitoka na kujaribu kadi ile ya kwanza. Nilijua kwa sababu nikirudi namkuta amejifunga kitambaa cha maji kwenye macho.

"Umetazama tena?"

"Nilidhani leo atakaa," alikuwa akisema.

Na bado sikumkatia. Nieleweke vizuri: mkasi ulikuwa mezani kwake, kadi ilikuwa kwenye kopo rafuni, na mimi nilimtazama mke wangu akijiumiza macho kumtafuta mtoto, nikasema subiri kidogo. Nilitaka siku moja anyanyue uso kutoka kwenye kiboksi aseme, ulikuwa sahihi. Nimezika mtoto na bado nilikuwa nataka kusifiwa.

Mwezi wa tisa Prudence aliimaliza. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda na kiboksi, nikachungulia pale pale steshenari, na baada ya kuhangaika kidogo macho yalishika. Yunis alikuwepo. Mmoja, mzima, ana kina. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia, kisha nikapanda gari la Musoma.

Mama Matrida alikuwa amekuja kutoka Guta kumtembelea binti yake. Walikuwa jikoni, wanaparua sato. Nikamwambia Dafroza aoshe mikono. Nikampa kiboksi. Alikwenda nacho dirishani, akainama kidogo, akatulia. Nikahesabu pumzi. Mabega yake yakashuka. Mdomo ukafunguka. Aliunyanyua mkono wa kulia akaupeleka mbele ya kiboksi, hewani, kama anayetaka kumfuta mtoto kitu shavuni.

Nikasema moyoni, haya, asante Mungu.

Mkono ukasimama.

"Mbona kadogo?" akasema.

Neno lile. Kutoka mdomoni mwake.

"Mbona kadogo hivi, Baba Yunis? Pua imekuja mbele, kichwa kimekwenda nyuma huko. Kanakaa kwenye kiganja." Alikuwa hajatoa macho kwenye kiboksi. "Kama gunzi lake. Kama Dada Mkubwa."

Nilianza kumweleza. Ndiyo, nilianza kumweleza hatua ya kamera, macho ya jitu, kanuni ya Bruda. Nilifika kwenye thelathini ndipo nikasikia sauti yangu.

"Miaka tisa," akasema Dafroza, "miaka tisa nimepigana na watu wasimwitage hivyo. Sasa we ndiyo umemfanya kweli." Hakupaza sauti. Alikiweka kiboksi mezani, juu ya magamba ya samaki, akaenda kwenye rafu akashusha kopo, akatoa kadi ile ya kwanza ya Butiama. Akachukua mkasi wake wa vitambaa. Mama Matrida alisimama mlangoni na kisu cha samaki. Mimi nilisema, "Mama Yunis, ngoja." Mkasi ulipita katikati kwa mkato mmoja.

Aliichukua ya kushoto, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama kwa macho yake mwenyewe, matupu, bila kukunja uso, bila kupepesa. Sikujua mtu anaweza kutazama muda mrefu hivyo bila kuchoka.

"Huyu hapa," akasema. "Mama, njoo. Huyu hapa. Ananiangalia."

Mama Matrida alikuja akatazama juu ya bega la binti yake. "Ee," akasema. "Ndiye." Na wote wawili wakaanza kulia, kile kilio ambacho kilikuwa kimezuiwa tangu siku ya turubai. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, na hakuna aliyeninyooshea mkono. Nami sikuwa na haki ya kusogea.

Asubuhi yake walifunga mizigo kwenda Guta. Cherehani ilibaki, alisema atatuma mtu. Hatukugombana. Nilimsindikiza mpaka stendi nimebeba begi.

"Alikuwepo siku zote," aliniambia kabla ya kupanda. "Ulikuwa naye mkononi."

"Nisamehe."

"Sijakukimbia, Baba Yunis. Nimechoka." Akapanda. Miezi mitatu sasa. Mtu wa cherehani alikuja mwezi jana.

Mimi nilibaki na ya kulia. Kwa siku kadhaa sikuigusa, ilikuwa mezani imegeukia chini. Nilipoigeuza, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona peke yake. Miezi yote ile nilikuwa nikizitazama mbili kwa pamoja, natafuta kina. Yunis amekaa juu ya jiwe, mikono magotini, ametulia. Hanitazami mimi. Anatazama pembeni yangu, upande wa kushoto, pale niliposimama nilipopiga ya kwanza. Nilikuwa nimemwambia asitikisike hata macho, naye alitii. Mimi nikahama hatua nzima. Kama ningetumia msumari wa watu, macho yetu yangekutana bado.

Faili ninalo. Naweza kwenda kwa Prudence hata leo anichapie ya kushoto, nami nitazamwe. Sijakwenda. Ile ni ya mama yake, ambaye hakuwahi kumhama.

Hii ya kulia nimeibandika ukutani, juu ya pale ilipokuwa cherehani. Jioni nikirudi nakaa mbele yake. Nasogeza kiti kushoto kidogo, niingie pale anapotazama. Bado anatazama pembeni. Nasogeza tena, mpaka bega linagusa ukuta. Mimi ndiye mpiga picha, najua kabisa picha bapa haina pembeni, popote utakapokaa itakutazama vile vile ilivyokutazama mwanzo. Najua. Nanyanyuka, nasogeza kiti.